Mume ni Kichwa, Lakini Kura ya Turufu Alipewa na Nani?

Msimu wa harusi ukifika, kuanzia Mbezi hadi Moshi, na kwa majirani zetu hadi Kitengela, kila Jumamosi alasiri kuna mtu anayesoma sura ya tano ya Waraka kwa Waefeso mbele ya bibi harusi ambaye viatu vimeshaanza kumbana. Msomaji akifika pale mke anapoambiwa amtii mumewe, wanaume huguna kwa kuridhika, na yupo mmoja nyuma ambaye hakosi kusema "amina" kwa sauti. Akifika pale mume anapoambiwa ampende mkewe hata kuutoa uhai wake, kanisa linatulia. Mpiga picha anatumia nafasi hiyo kubadilisha betri.

Tuhesabu kidogo. Mistari inayomsemesha mke ni mitatu, wa 22 mpaka wa 24. Inayomsemesha mume inaanza na wa 25 na kwenda hadi mwisho wa sura, mistari tisa, na mke anaagizwa jambo tena katika ule wa mwisho tu. Na kabla ya yote hayo upo mstari wa 21, unaowataka Wakristo wote wanyenyekeane wao kwa wao. Katika Biblia nyingi wachapishaji wameweka kichwa cha habari baada ya mstari huo, na katika makanisa mengi ya Kiprotestanti msomaji wa harusini huanzia chini ya kichwa hicho cha habari. Unyenyekevu wa pande zote mbili unabaki huko juu, haujasomwa.

Mimi ni Mlutheri, nimeoa, na ni mzee wa kanisa. Sina ugomvi na Paulo. Ugomvi wangu ni na kitu tulichokiongeza wenyewe: imani kwamba mume na mke wasipokubaliana, neno la mume ndilo linalopita, na kwamba ni Mungu aliyepanga iwe hivyo. Kura hiyo ya turufu nimeitafuta katika Agano Jipya, sijaiona. Nilichokiona ni kingine kabisa, na nitakieleza baada ya kusimulia kikao kimoja.

Kilikuwa kikao cha usuluhishi, katika chumba kidogo nyuma ya madhabahu, kile cha kuwekea majoho na spika mbovu. Sitasema ni usharika gani. Wazee, mchungaji, na mume na mkewe, wote kwenye viti vya plastiki. Mume alikuwa ameuza kiwanja chao cha Chanika ili aongeze mtaji wa duka la vipuri vya pikipiki. Mke ni mama lishe. Alikuja na daftari la kikoba, na ndani yake, kwa kalamu ya bluu, zimeandikwa fedha zote zilizotoka kwenye biashara yake kwenda kulipia kiwanja hicho, mwezi baada ya mwezi. Mzee mmoja akamuuliza kwa upole, "Mama, si ulishirikishwa lakini?" Akajibu, "Nilijulishwa, mzee. Siku ya pili yake." Mzee yule akafungua Waefeso, akasoma ile mistari mitatu, akafunga Biblia. Tukaomba. Mume akamshika mkewe mkono. Mke akautoa taratibu, akaurudisha juu ya daftari.

Hakuna aliyefungua Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya saba. Sura hiyo haisomwi harusini wala kwenye usuluhishi, nadhani kwa sababu inazungumzia kitanda, na wachungaji wetu wana haya. Paulo anasema pale kwamba mamlaka juu ya mwili wa mke anayo mumewe. Nusu hiyo kila mwanaume anaijua, hata ambaye hajawahi kushika Biblia. Nusu ya pili, palepale, inasema kwamba mamlaka juu ya mwili wa mume anayo mkewe. Halafu anaingia kwenye utaratibu: wasinyimane, isipokuwa wote wawili wameafikiana, tena kwa muda tu, ili wapate nafasi ya kusali.

Hapo ndipo penyewe. Kwa ninavyoisoma mimi, ni mahali pekee katika Agano Jipya ambapo mume na mke wanaelezwa namna ya kufikia uamuzi unaowahusu wote wawili, na utaratibu wenyewe ni maafikiano. Paulo hakusema mume amsikilize mkewe kisha aamue. Hakusema wakishindwana mume akate shauri. Wasipoafikiana, hali inabaki ilivyokuwa. Na jambo lenyewe linaloamuliwa ni sala! Ikiwa mume hawezi kwenda kumwomba Mungu kwa mtindo huo bila ridhaa ya mkewe, sembuse kuuza kiwanja.

Wakorintho walioupokea waraka huo waliishi katika ulimwengu ambao baba wa familia wa Kirumi alikuwa na mamlaka makubwa ya kisheria juu ya watu wa nyumba yake. Karne kadhaa kabla yao, Aristotle alipoandika juu ya siasa na utawala wa nyumba, alizungumza na bwana wa nyumba: mke atawaliwe vipi, watoto vipi, watumwa vipi. Mke mwenyewe hakusemeshwa. Paulo anamsemesha mke kwa nafsi yake, kama mtu mwenye akili na dhamiri anayeweza kukubali au kukataa. Sisi ndio tuliorudi kwa Aristotle tukadhani tunamsoma Paulo.

Na kama ni kesi ya kiwanja, Biblia inayo tayari. Matendo ya Mitume, sura ya tano: Anania na Safira wameuza mali yao, wameficha sehemu ya fedha, na wanadai wameleta zote. Anania anahojiwa, anaanguka na kufa. Baada ya kama saa tatu anaingia mkewe, hana habari. Petro anamuuliza yeye, peke yake, kama kweli waliuza kwa bei iliyotajwa. Safira anasimama na kauli ya mumewe, na yanampata yaliyompata mumewe. Laiti utii kwa mume ungekuwa kinga, hapo ndipo ungemfaa. Petro hakumwambia, "Wewe ulimfuata kichwa chako, nenda kwa amani." Alimhesabu kuwa mtu mzima anayejibu mwenyewe mbele za Mungu. Upande wa pili yupo Abigaili, katika Samweli wa Kwanza, aliyepakia mikate, divai na kondoo juu ya punda, akamwendea Daudi bila kumwambia mumewe Nabali, akaiokoa nyumba nzima na upanga. Maandiko yanamsifu Abigaili. Sijawahi kusikia akisifiwa kwenye kitchen party.

Tukishaitaja kitchen party, tuseme na hili. Bibi harusi wa Kikristo mjini hufundwa. Hukalishwa chini na mashangazi, majirani, akina mama wa kanisa na pengine somo wa kukodi, akaelezwa jikoni, chumbani, wakwe, usafi, ulimi, uvumilivu. Wakati huohuo bwana harusi yuko na wenzake, nyama iko jikoni, na wosia mkubwa atakaoupata ni "kuwa mwanaume." Ile mistari tisa ya Paulo haina mwalimu. Semina za wachumba zipo, na nyingine ni nzuri, lakini kipindi kimoja cha saa mbili hakiwezi kushindana na mafunzo ya majuma. Kisha siku ya sherehe inafika zamu ya keki: bibi harusi anapiga magoti kumlisha mumewe, MC anapandisha sauti kwamba huo ndio utii wa Kikristo, ukumbi unalipuka. Kupiga magoti ni heshima katika makabila yetu mengi, na sina neno nayo. Ni mila, tuiite mila. Anayetaka kupata tendo la Kikristo lenye magoti ndani yake asome Yohana 13, aone ni nani aliyeinama kuwaosha wengine miguu, na alikuwa na cheo gani.

Wanaonipinga katika hili si wajinga, na hoja yao nzito inastahili kuelezwa kwa haki. Wanasema mume na mke wana thamani sawa mbele za Mungu lakini majukumu tofauti: Adamu aliumbwa kwanza, Paulo mwenyewe anaurejea mpangilio huo katika Timotheo wa Kwanza, na ndoa ni picha ya Kristo na Kanisa, picha isiyobadilika kwa kupita kwa karne. Huko Marekani wainjili wenye msimamo huo waliuandika katika Tamko la Danvers la mwaka 1987, na mwaka 1998 Wabaptisti wa Kusini wakauingiza katika ungamo lao la imani, kwamba mke ajiweke chini ya uongozi wa mumewe. Miaka miwili baadaye Jimmy Carter, aliyekuwa rais wa Marekani na mwalimu wa shule ya Jumapili kwa muda mrefu, alitangaza kujitenga na jumuiya hiyo, na nafasi ya wanawake ilikuwa miongoni mwa sababu zake. Ubishi huo hauko mbali nasi. Unatufikia kila siku, kwa vitabu vinavyouzwa nje ya makongamano na kwa vipande vya mahubiri tunavyotumiana kwenye makundi ya WhatsApp.

Nawajibu hivi. Picha ya Kristo na Kanisa ninaikubali yote. Lakini Paulo ametaja mwenyewe ni kipengele gani cha Kristo mume anatakiwa akiige: kujitoa. Hakumwambia awe hakimu wa mkewe, wala mwokozi wake, wala mwamuzi wa mwisho. Neno "kichwa" lenyewe wasomi wamelibishania kwa miongo mingi, nami siingii huko, kwa sababu hata tukilipa maana nzito kuliko zote, kazi anayopewa kichwa huyo katika mistari inayofuata ni kufa. Na habari ya mwanaume kumtawala mwanamke, katika Mwanzo, haitajwi bustanini kabla ya dhambi. Inakuja sura ya tatu, pamoja na uchungu wa kuzaa, miiba na jasho. Miiba tunaing'oa. Mama akiwa leba tunamwita daktari. Sijasikia mahubiri yanayomkataza mkulima kupalilia shamba ili asipingane na mpango wa Mungu. Katika orodha nzima ya hasara za anguko, ni moja tu tuliyoamua kuitunza.

Sisi wa pwani hii tunayo sababu ya ziada ya kusoma kwa uangalifu, kwa maana ukurasa huohuo wa Waefeso unaendelea. Sura ya sita inawageukia watumwa na kuwaambia wawatii mabwana zao. Kwa karne nyingi Wakristo waliosoma mistari hiyo walilala usingizi wao vizuri. Lakini wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni yao Bagamoyo mwaka 1868 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, na Waanglikana wa CMS walipoanzisha Freretown, ng'ambo tu ya kisiwa cha Mombasa, mwaka 1875, hawakuwaambia watu wale warudi kwa mabwana zao kwa sababu Paulo kaandika. (Kwamba wamisionari nao waliwaendesha watu hao kwa amri nyingi ni habari nyingine, tena ndefu.) Walielewa kwamba Paulo alikuwa akizungumza na watu waliokuwa ndani ya mfumo fulani, akiwafundisha kuishi humo kama Wakristo, bila kuutangaza mfumo wenyewe kuwa wa milele. Makanisa yaliyozaliwa Bagamoyo na Freretown yanajua kusoma sura ya sita namna hiyo. Nangoja kuelezwa kwa nini ustadi huo unapotea mtu akirudi nyuma mistari kumi na tano tu.

Najua jibu: ndoa iliwekwa na Mungu, utumwa uliwekwa na wanadamu. Ni kweli. Ndoa iliwekwa na Mungu. Ninachouliza ni kama utawala wa upande mmoja ndani yake uliwekwa na Mungu pia.

Kanisa Katoliki, ambalo halina haraka, limesogea katika jambo hili ndani ya maisha ya mtu mmoja. Mwaka 1930 Papa Pius XI, katika waraka wake juu ya ndoa, alifundisha ukuu wa mume na utii wa mke, japo aliuwekea mipaka, na akawaonya waliodai usawa aliouona kuwa wa uongo. Mwaka 1988 Papa Yohane Paulo II, ambaye hakuna atakayemwita mwanamapinduzi, aliandika kuhusu hadhi ya mwanamke kwamba unyenyekevu wa Waefeso ni wa wote wawili, kila mmoja kwa mwenzake. Mwaka 2016 Papa Fransisko akarejea njia hiyohiyo na kukataa waziwazi mke kutiishwa kitandani. Katikati yao, Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 1135, zinawapa wanandoa wote wawili wajibu na haki sawa katika maisha yao ya pamoja. Hata katika kiapo chenyewe cha Kikatoliki, mume na mke husema maneno yaleyale. Waanglikana ndio waliokuwa na kiapo cha mke peke yake kuahidi kutii, kilichodumu kwa karne nyingi.

Kwa Walutheri wenzangu nina zawadi. Mwaka 1522 Martin Luther aliandika kuhusu maisha ya ndoa, na humo akamsifu baba anayefua nepi za mtoto wake. Watu watamcheka, anasema, watamwona bwege aliyegeuzwa mwanamke, lakini Mungu na malaika wanatabasamu, kwa kuwa anafanya kazi hiyo kwa imani. Nepi! Katika maadhimisho yetu yote ya matengenezo ya Kanisa nimesikia habari za hoja 95 na mlango wa Wittenberg, kila mwaka. Nepi bado nazisubiri.

Kuna pingamizi moja linaloniumiza kichwa kuliko la Danvers, nalo linatoka kwa wanawake. Dada mmoja wa kwaya aliniambia, "Mzee, wewe unahangaika na mume anayeamua peke yake. Wangu haamui chochote, hayupo." Amesema kweli. Katika nyumba nyingi hakuna mtawala, kuna kiti kitupu: ada ya shule juu ya mama, kodi ya pango juu ya mama, baba yuko kijiweni au ana nyumba ya pili. Kwa mke wa namna hiyo, mhubiri anayemwita mume "kichwa" na kumtaka arudi nyumbani, aache pombe na alete mshahara, ni mkombozi. Makanisa ya kiroho yamewarudisha wanaume wengi kwa lugha hiyo, na mimi sitasimama kuwabeza.

Lakini tuangalie ni nini hasa kinachomrudisha. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930 na kuvuka kwenda Uganda, Kenya na Tanganyika, ulibadilisha nyumba nyingi. Wapendwa walifundishwa kutembea nuruni: kuungama dhambi waziwazi, mume kwa mke na mke kwa mume. Mwanaume aliyekuwa amezoea kutoulizwa na mtu yeyote alisimama akasema fedha zilikwenda wapi na alilala wapi. Kilichomjenga mume yule ni kuwajibika. Mpe mwanaume asiyewajibika cheo cha kichwa, bila wa kumuuliza, atakipokea cheo na kuondoka nacho.

Wanaume wenzangu hupenda kufunga mjadala kwa methali: mafahali wawili hawakai zizi moja. Lazima mmoja awe na neno la mwisho, la sivyo nyumba itakwama. Mimi nimekaa na mke wangu muda wa kutosha kujua kwamba nyumba haikwami. Tukishindwana tunalala, tunarudia, tunamuuliza mtu tunayemheshimu wote, na mara nyingine jambo linaachwa kwa mwaka mzima. Wanachama wa kikoba, watu thelathini wenye shida thelathini, wanafikia maamuzi kila wiki bila fahali.

Gharama ya kura ya turufu si viwanja tu. Utafiti wa taifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2015-16 ulikuta kwamba asilimia 40 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili. Ukakuta pia kwamba asilimia 58 ya wanawake waliona zipo sababu zinazomruhusu mume kumpiga mkewe, wakati kwa wanaume ilikuwa asilimia 40. Yaani wanaopigwa wanaukubali mkono huo kuliko wenye mkono. Somo hilo walilipata mahali, na siamini mimbari zetu zina mikono safi, ikiwa mwanamke anafika kwa mchungaji na jicho limevimba na kuambiwa, "Vumilia, mwanangu, omba, atabadilika." Yohane Krisostomo, askofu aliyefariki mwaka 407, aliamini mume ana mamlaka nyumbani. Hata hivyo, katika kuihubiri sura hiihii ya Waefeso, aliuliza ni ndoa gani hiyo ambayo mke anamtetemekea mumewe. Huyo ni mhafidhina wa karne ya nne. Kwenye vikao vyetu angeonekana mwanaharakati.

Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyotungwa na serikali isiyo na dini, inasema katika kifungu cha 66 kwamba hakuna mwenzi mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, mila iseme isemavyo. Kifungu cha 59 kinamzuia mwenzi kuuza nyumba ya familia au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Kenya nao, katika ibara ya 45 ya katiba yao ya 2010, wanawapa wanandoa haki sawa wakati wa kuoana, ndani ya ndoa na wakiachana. Bunge limefika kwenye maafikiano ya Wakorintho kabla ya chumba chetu cha majoho.

Ningependa tuanzie hapohapo chumbani. Mke asikilizwe peke yake kwanza, mumewe akiwa nje, kama Petro alivyomhoji Safira peke yake. Nusu ya wasuluhishi wawe akina mama, na wasiwe wale wa kuketi kimya na kupokea sadaka. Palipo na kipigo, usuluhishi usimame, twende kwenye dawati la jinsia polisi, maombi yatafuata. Na kwenye semina ya wachumba, kabla hata ya kipindi cha bajeti, wafunguliwe Wakorintho sura ya saba, wote wawili wakiwa chumba kimoja na Biblia moja, na haya zake mchungaji azione akishamaliza kufundisha.